Wasomaji Wauliza: Wikendi Kigali na Rafiki kwa Mfuko Mdogo

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Ntinda, Kampala. Mimi na rafiki yangu niliyesoma naye sekondari tumekuwa tukiweka akiba ili tutoke nje ya Uganda kwa mara ya kwanza, walau kwa wikendi moja, kwa kuwa kazi zetu haziruhusu kukosa Jumatatu. Kila mmoja wetu ana shilingi 450,000 na hatutaki kukopa. Tumeufikiria mji wa Kigali, lakini wapo wanaotuambia kwamba Kigali ni ghali na kwamba ni afadhali tupande basi la Nairobi. Jambo jingine linalonitia wasiwasi ni kwamba mwenzangu ana mshahara mkubwa kuliko wangu na hapendi kujibana. Tulipokwenda Jinja, yeye aliagiza samaki mkubwa na mvinyo, mimi nikala chipsi na soda, kisha bili ikagawanywa katikati. Tukarudi nyumbani tumenuniana. Je, safari hii inawezekana, na tufanyeje ili turudi tukiwa bado marafiki? — Dada wa Ntinda

JIBU: Dada yangu, safari hiyo inawezekana, na kwa hali uliyoieleza ningewashauri mwende Kigali. Sababu yangu ya kwanza ni saa mlizo nazo kabla hata ya kuhesabu fedha. Kutoka Kampala hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 650, na basi huchukua saa kumi na mbili au zaidi. Hadi Kigali ni kilomita zipatazo 500, na basi likienda vizuri huchukua saa zipatazo kumi. Mtu mwenye wiki nzima hataiona tofauti hiyo, lakini ninyi mnaotoka kazini Ijumaa jioni na kutakiwa kazini Jumatatu asubuhi mtaiona. Isitoshe, Nairobi ni mji mpana wenye foleni ndefu za magari, na mgeni wa siku mbili anaweza kumaliza nusu siku akiwa ndani ya matatu. Kigali ni mji mdogo zaidi, na mtu akichagua mtaa mmoja mzuri wa kufikia, mengi yatakuwa karibu naye.

Kabla ya kukata tiketi, fungueni kalenda. Nchini Rwanda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, yaani kazi za kijamii, na kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi maduka hufungwa, magari hupungua sana barabarani, na wananchi hutoka kusafisha mitaa, kupanda miti na kurekebisha njia. Ni desturi ninayoiheshimu kwa moyo wote, na mwenye nafasi ya kukaa Kigali siku nyingi angefanya vyema kuishuhudia. Lakini ninyi mkifika stendi alfajiri ya siku hiyo mtakaa na mabegi yenu mkisubiri mji ufunguliwe, na asubuhi moja kwenu ni sehemu kubwa ya safari. Chagueni Jumamosi nyingine. Vilevile epukeni wiki inayoanza tarehe 7 Aprili, ambayo ni wiki ya maombolezo ya kitaifa ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Katika siku hizo burudani husimama, na si wakati wa watu kwenda kustarehe.

Kuhusu hati za kusafiria, tangu Januari 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa, kwa hiyo hamlazimiki kugharamia pasipoti kwa ajili ya safari hii. Angalieni, hata hivyo, tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye kadi zenu. Vitambulisho vya kwanza vilivyotolewa Uganda vilipewa muda wa miaka 10, na wako watu wengi ambao hawajawahi kuitazama tarehe hiyo tangu siku walipokabidhiwa. Bebeni pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu maafisa wa afya mpakani wanaweza kuiomba.

Njia ya kawaida ya mabasi hupitia Masaka, Mbarara na Kabale hadi mpaka wa Katuna, ambao upande wa pili huitwa Gatuna. Mpaka huo ulifungwa Februari 2019 na ukafunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022, na nataja jambo hili kwa sababu bado nakutana na watu wanaodhani njia ile haipitiki. Abiria wote hushuka, hupanga foleni kwenye dirisha la uhamiaji, kisha mizigo hukaguliwa. Hapo ndipo wageni wengi kutoka kwetu hupata shida kwa jambo dogo kabisa: kaveera. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na marufuku hiyo husimamiwa kwa dhati. Afisa akifungua begi na kukuta viatu vimefungwa ndani ya kaveera, mkate ndani ya kaveera nyingine, na sabuni ndani ya ya tatu, atazitoa zote moja baada ya nyingine na kukuachia vitu vikiwa vimetawanyika juu ya meza, huku abiria wenzako wakingoja nyuma yako. Fungeni vitu vyenu kwa vitambaa au mifuko ya nguo tangu nyumbani.

Sasa kuhusu saa. Rwanda iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Saa mbili asubuhi ya Kampala ni saa moja asubuhi ya Kigali. Mtakapoingia mtafurahia kupata saa ya ziada, lakini wakati wa kurudi jambo hilo linataka uangalifu, kwa kuwa tiketi ya basi inayotoka Kigali huandikwa saa za Rwanda, na simu ambayo haijabadilisha saa yake inaweza kuwapotosha.

Ningepanga safari yenu hivi. Ijumaa mpande basi la usiku kutoka Kampala, ili mfike Kigali alfajiri ya Jumamosi bila kulipia chumba cha usiku huo. Jumapili mrudi kwa basi la mchana, kama la saa tano asubuhi za Rwanda, ili mwe Kampala majira ya saa nne usiku na mlale vitandani mwenu kabla ya kazi. Najua wengi hupenda kurudi kwa basi la usiku ili waipate Jumapili nzima. Siwashauri hivyo. Barabara ya Masaka ina ajali nyingi, na kukesha njiani mara mbili katika siku tatu ni kuutesa mwili. Tena mtu aliyechoka hununa haraka, na ninyi mna sababu ya kujihadhari na hilo. Nendeni wenyewe kwenye ofisi za mabasi, ulizieni nauli na saa za kuondoka kwa kampuni mbili au tatu, na mkate tiketi za kwenda na kurudi kwa pamoja. Fedha iliyokwisha kuwa tiketi haiwezi kuliwa kwa bahati mbaya.

Kuhusu malazi, mtahitaji usiku mmoja tu wa kulipia, na hiyo ndiyo nafuu kubwa ya mpango huu. Waambieni wenye nyumba ya wageni kwamba mnataka chumba kimoja chenye vitanda viwili, na muwaulize kabla ya kuondoka Kampala kama wataruhusu mabegi yenu yapokelewe alfajiri hata kama chumba hakijawa tayari. Wengi huruhusu wakiombwa mapema. Mnaweza kutafuta katika nyumba za wageni za makanisa, kwa mfano zile zilizo jirani na kanisa la Sainte-Famille katikati ya mji, ambazo kwa kawaida ni safi na tulivu. Ulizeni tu lango hufungwa saa ngapi. Lakini kama mnauliza moyo wangu uko wapi, fikieni Nyamirambo.

Nyamirambo uko upande wa kusini magharibi mwa katikati ya mji, na kwa msomaji wa gazeti hili una jambo ambalo mitaa mingine ya Kigali haina kwa kiwango hicho: ni mtaa wa Waswahili. Tangu enzi za ukoloni, Waislamu na wafanyabiashara waliotoka pwani na Kongo walikaa Biryogo na maeneo ya jirani, na msikiti wa Al-Fatah ulioko huko, uliojengwa mwaka 1913, ndio wa kwanza nchini Rwanda. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini Nyamirambo hawakuingojea sheria. Kinyozi, muuza chapati na fundi cherehani watawajibu kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kinyarwanda na maneno machache ya Kifaransa. Mtu asiyejua Kinyarwanda hujikuta anaweza kuuliza njia, kupatana bei na kupiga soga bila kumtegemea kiongozi wa watalii, na hilo peke yake huokoa fedha.

Biryogo kuna kipande cha barabara kilichofungwa kwa magari na kupakwa rangi, ambapo mikahawa imetoa meza na viti hadi katikati ya njia. Kaeni hapo jioni ya Jumamosi, agizeni chai ya maziwa na chapati, na mtazame watu wakitoka msikitini, watoto wakikimbizana, vijana wakibishana kuhusu mpira. Mtaa huohuo una Kigali Pelé Stadium, uwanja uliopewa jina la mchezaji huyo wa Brazil mwaka 2023, na kama ratiba ya ligi ina mechi wikendi hiyo, tiketi ya jukwaa la kawaida ni burudani nzuri kwa mfuko mdogo, hasa mechi ikiwa ya Rayon Sports, ambao mashabiki wao huimba tangu dakika ya kwanza. Iko pia Nyamirambo Women's Centre, kituo kilichoanzishwa mwaka 2007 na wanawake wa mtaa huo, ambacho huwatembeza wageni kwa miguu na kuuza vitu vinavyoshonwa na wanawake wenyewe. Matembezi hayo hulipiwa, lakini ni fedha inayobaki mtaani, na ningeitenga kwa moyo mweupe.

Chakula cha mchana kiulizieni kwenye mikahawa ya kujipakulia ambayo wafanyakazi wa Kigali huiita melanji. Mnalipa bei moja, mnapewa sahani moja, na mnapakua mara moja tu. Mtawaona wenyeji wakifanya kazi hiyo kwa ustadi: wali chini, ndizi na viazi pembeni kama ukuta, maharage katikati, kisamvu juu yake, na kipande cha nyama kileleni. Sahani hiyo mtu hula mchana akaisahau njaa hadi usiku. Usiku kuna mishikaki ya mbuzi yenye ndizi za kuchoma. Agizeni kabla hamjashikwa na njaa, kwa kuwa huchomwa baada ya kuagizwa, na mwenye jiko hana haraka. Asubuhi tafuteni duka la maziwa, mle maandazi na bilauri ya maziwa ya mgando yaliyo baridi. Mwenyeji wa Mbarara au Kiruhura atajihisi yuko kwao.

Mahali pamoja ambapo sitaki mpakose ni Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali, iliyoko Gisozi. Ilifunguliwa mwaka 2004, na katika makaburi yake wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na kumbukumbu za Nyamata, Murambi na Bisesero. Kuingia ni bure. Kinacholipiwa ni kifaa cha sauti cha kukuongoza, na mnaweza kuchagua kukikodi au kusoma maelezo wenyewe. Nendeni asubuhi ya Jumamosi, mkiwa mmeoga na kunywa chai, na msipange jambo lolote la haraka baada yake. Kuna chumba kilichotundikwa picha za waliouawa, nyingi zikiwa picha za kawaida za nyumbani, za harusi, za shule, za mtu aliyeegemea gari. Kuna pia sehemu ya watoto, ambapo chini ya picha ya kila mtoto imeandikwa alichopenda kula, mchezo wake, na namna alivyouawa. Mmoja wenu anaweza kushindwa kuendelea, na mwingine asiwe na haraka ya kutoka. Pelekaneni taratibu, na msimlazimishe yeyote kuzungumza mtakapotoka nje. Nawasihi msiiweke ziara hiyo kama jambo la kujazia muda kabla ya basi la Jumapili. Haistahili kufanyiwa hivyo, wala ninyi hamtaibeba vizuri mkiwa mbioni.

Kwa usafiri wa mjini, bodaboda za Kigali huitwa moto, na kila moja hubeba abiria mmoja tu, naye lazima avae kofia ngumu anayopewa na dereva. Kupakiana watatu kama tulivyozoea hapa hakuruhusiwi. Maana yake ni kwamba watu wawili hulipa moto mbili, na kwa safari ndefu kidogo ni vyema kulinganisha jumla hiyo na bei ya teksi moja. Patana kabla ya kupanda. Mabasi ya mjini ndiyo ya bei nafuu zaidi, na hulipiwa kwa kadi ya kugusisha kwenye mashine mlangoni, kadi inayouzwa kwenye stendi kama ile ya Nyabugogo mtakaposhukia. Mkivuka barabara kumbukeni kwamba Rwanda magari hupita upande wa kulia. Sisi tumezoea kutazama kulia kwanza, lakini huko gari la kwanza litatokea kushoto.

Mkibakiwa na muda, nendeni soko la Kimironko mkatazame vitenge na mafundi wanaoshona hapohapo sokoni. Kandt House, nyumba iliyogeuzwa makumbusho kwa ajili ya Richard Kandt, Mjerumani aliyeanzisha kituo cha Kigali mwaka 1907, nayo inafaa kwa anayependa historia, ingawa kwa siku mbili si lazima. Msiongeze Gisenyi wala Ziwa Kivu. Nimeona watu wakifanya hivyo, na kinachotokea ni kwamba safari nzima huwa kiti cha basi.

Sasa nigeukie suala la rafiki yako, ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko nauli. Kosa la Jinja halikuwa samaki mkubwa wala mvinyo. Kosa lilikuwa kwamba hamkuwa mmekubaliana lolote kabla ya kukaa mezani, na kwa hiyo kila mmoja alidhani kanuni anayoijua yeye ndiyo kanuni ya wote wawili. Yeye alidhani marafiki hugawana sawa. Wewe ulidhani kila mtu hulipa alichokula. Wote wawili mlikuwa na haki, na wote wawili mliumia.

Kaeni basi jioni moja kabla ya kukata tiketi, mkiwa na kalamu na karatasi, na umwambie wazi kiasi ulicho nacho. Usiseme “tutaona hukohuko”. Mwenye fedha zaidi hawezi kukuhurumia kwa jambo asilolijua, na mara nyingi anapogundua mwenzake alikuwa anateseka kimya, yeye ndiye huona aibu zaidi. Kisha toeni kwanza fedha ya tiketi za kwenda na kurudi. Ningeitengea thuluthi ya kila mmoja, yaani shilingi 150,000. Ikizidi hapo, punguzeni manunuzi, msipunguze chakula. Baada ya hapo kila mmoja aweke pembeni shilingi 50,000 za dharura ambazo hazibadilishwi kuwa faranga wala haziguswi hadi mrudi Kampala. Katika shilingi 250,000 zinazobaki, kila mmoja atoe 180,000 ziingie katika mfuko wa pamoja, na 70,000 zibaki mfukoni mwake mwenyewe.

Mfuko wa pamoja ulipie chumba, usafiri wa mjini, vyakula mnavyokula pamoja na viingilio mlivyokubaliana. Mmoja aushike mfuko, mwingine aandike matumizi katika daftari, na kila usiku mhesabu pamoja kwa dakika chache. Pombe isiingie katika mfuko huo kama mmoja wenu hanywi au hunywa kidogo. Na anayetaka kitu cha bei kubwa kuliko mlichopanga, iwe ni sahani, chumba au teksi, alipe ile ziada kutoka mfuko wake binafsi, bila kuombwa na bila kuulizwa maswali. Hapo mwenzako atakuwa huru kula samaki wake, nawe hutamlipia. Akitaka kukukirimu, mpokee kwa shukrani mara moja au mbili, lakini usikubali akulipie kila mara, kwa kuwa hisani nyingi huanza kuonekana kama deni hata kama mtoaji hakukusudia hivyo.

Jambo la mwisho kuhusu hilo: pangeni saa chache za kutengana. Jumamosi alasiri yeye anaweza kwenda kwenye mkahawa wa kahawa wa ghali anaoupenda, nawe ukabaki Kimironko ukipapasa vitenge, kisha mkakutana Biryogo saa kumi na mbili jioni. Marafiki wengi hudhani kusafiri pamoja ni kushikana mikono tangu asubuhi hadi usiku, na wanapochokana hufikiri urafiki ndio uliokwisha, kumbe ni miguu na masikio tu yaliyotaka kupumzika.

Fedha msizibadilishe zote kwa wale wanaowakimbilia abiria mpakani wakiwa na mabunda mkononi. Badilisheni kiasi kidogo cha chai na usafiri wa kwanza, na zilizobaki mzipeleke katika duka rasmi la kubadilishia fedha mjini, baada ya kulinganisha bei za maduka mawili.

SWALI: Mhariri, mimi na ndugu yangu wa kufanya naye kazi tuko Tororo. Kigali kwetu ni mbali mno. Je, tunaweza kupata mji wa nje ulio karibu, bila kulala njiani? — Msomaji wa Tororo

JIBU: Kisumu, bila shaka. Mkivuka mpaka wa Busia asubuhi, mtakuwa Kisumu kabla ya chakula cha mchana, kwa kuwa umbali kutoka Busia hauzidi kilomita 130. Saa za Kenya ni sawa na zetu, kitambulisho cha taifa kinatosha, na matatu hutoka mara kwa mara, kwa hiyo hamhitaji kukata tiketi siku nyingi kabla. Onyo la kaveera nililompa dada wa Ntinda linawahusu ninyi pia, maana Kenya nayo ilipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017.

Jumamosi mwende Dunga, ufuko wa wavuvi ulio pembezoni mwa mji, mle samaki aliyekaangwa kwa ugali na kuangalia mitumbwi ikirudi. Mkitaka kupanda mashua, patana bei na muda kabla ya kuingia, na hakikisheni kila abiria amevaa jaketi la kujiokolea. Mwenye mashua asiye nayo mwacheni. Makumbusho ya Kisumu yana boma kamili la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi, na mwenyeji wa Tororo, ambako Wajopadhola wana undugu na Wajaluo wa Kenya, ataona mengi ya kulinganisha. Jumapili asubuhi mpite soko la Kibuye, ambalo siku hiyo huwa na watu na bidhaa za kila aina, kisha mrudi Busia kabla ya jua kuzama. Mtu mwenye nusu ya fedha za dada wa Ntinda anaweza kuifanya safari hii kwa raha.

SWALI: Rafiki yangu ni Mtanzania anayefanya kazi Kampala, nami ni Mganda. Tunataka kwenda Kigali pamoja mwezi ujao. Je, naye atavuka kwa kitambulisho cha taifa lake? — Msomaji wa Kibuli

JIBU: Hapana. Utaratibu wa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa ulikubaliwa na Uganda, Kenya na Rwanda peke yao, ingawa Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwenzako atahitaji pasipoti au hati nyingine ya kusafiria inayotambulika, na viza hatatakiwa kulipia akiwa raia wa jumuiya. Ahakikishe pia kwamba kibali chake cha kufanya kazi na kuishi Uganda bado kiko hai siku ya kurudi, kwa sababu afisa wa uhamiaji atakitazama wakati wa kuingia tena. Kama pasipoti yake imekwisha muda, aanze kuishughulikia sasa kupitia ubalozi wa Tanzania hapa Kampala, na tiketi zenu mzikate baada ya yeye kuipata mkononi.